Giaboksi Husingiziwa

"Hii injini ni yake?"

Ndilo swali la kwanza aliloniuliza mzee mmoja kwenye gereji ya uani, Gerezani, Dar es Salaam, kabla hajashika spana wala kuomba ufunguo. Gari langu ni Mark II Grande. Ndani ya miezi 5 lilikuwa limeshafungwa giaboksi mbili za mtumba, na zote mbili zilishikwa na ugonjwa mmoja: likitoka gia ya pili kwenda ya tatu huku nimekanyaga mafuta, injini inavuma, mshale wa mizunguko unaruka juu, na gari lenyewe linabaki nyuma kana kwamba limeingia kwenye tope. Mafundi wawili waliotangulia walinipa jibu lilelile: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Nikatafuta, nikalipa. Fedha yenyewe ilikuwa imetengwa kwa ada ya shule.

"Si yake, mzee," nilimjibu. "Ilikuja na 1G. Nikaweka 1JZ ya turbo."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi bado hujaniletea giaboksi mbovu, mwanangu. Umeniletea gari iliyobadilishwa. Tuanzie hapo."

Akamwambia kijana wake aingie ndani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli ya mafuta mpaka sakafuni na kuishikilia. Kisha akaniita pale mbele, akamulika kwa tochi ya simu. Kando ya kebo ya mafuta inayofungua koo la hewa la injini ipo kebo nyingine nyembamba, inayoshuka nyuma ya injini mpaka kwenye giaboksi. Kwenye uzi wa kebo hiyo kimebanwa kishanga kidogo cha chuma, na kebo yenyewe inaishia kwenye kifuniko cha mpira. Pedeli ikiwa imekanyagwa yote, kishanga kinatakiwa kiwe kimetoka hadi ukingoni mwa mpira: nafasi kati yake na ukingo isizidi milimita 1. Cha kwangu kilikuwa bado kimezama ndani, hakionekani. Mzee akaivuta kebo kwa kidole, ikacheza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hii ndiyo inaiambia giaboksi kwamba umekanyaga," alisema. "Yako haijaambiwa kitu."

Ndani ya giaboksi otomatiki hakuna klachi moja kubwa kama ya gari la gia za mkono. Kuna mafungu ya pleti nyembamba zilizolowa mafuta, fungu hili la gia hii, fungu lile la gia ile, na kinachozibana ni mgandamizo wa mafuta yanayosukumwa na pampu. Dereva akikanyaga kidogo, mgandamizo mdogo unatosha. Akikanyaga sana, mgandamizo lazima upande, la sivyo pleti zinasuguana badala ya kushikana. Kwenye giaboksi za Toyota za familia ya A340 kebo hii ndiyo inayopeleka habari kutoka mguuni mwa dereva hadi kwenye vali ya mgandamizo. Ikilegea, giaboksi inabana pleti kwa nguvu ya mtu anayetembea polepole mtaani, ilhali injini inazisokota kwa nguvu zake zote. Ikikazwa kupita kiasi, mambo yanageuka: kila gia inaingia kwa kishindo na abiria wa nyuma wanatikisika.

Sasa tazama nilichokuwa nimefanya. Injini ya 1G-FE ya lita 2 katika toleo la kuanzia 1998 ilitoa nguvu farasi 160 na msokoto wa nyutoni-mita 200. Ile 1JZ-GTE ya turbo moja iliyokuja 1996 hutoa nguvu farasi 280, kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasikivuke, na msokoto wa takriban nyutoni-mita 378. Karibu mara mbili. Aliyenifungia injini alinifungia na giaboksi inayoendana nayo, kwa hiyo hapo hakukosea. Alikosea pa kuishikizia kebo: alitumia kibano cha injini ya zamani, kikaiacha kebo imelegea kwa sentimita mbili hivi. Fundi wa pili akafunga giaboksi nyingine kwenye kibano kilekile. Wa tatu naye vivyo hivyo. Giaboksi zilikuwa zinaletwa nzima na kuunguzwa pale pale.

Tangu siku hiyo nimekaa gereji nyingi nikiuliza na kutazama, kwa sababu jambo hili linawagharimu watu fedha nyingi na wengi hawajui kwamba wanalipa kosa la mtu mwingine. Nilichojifunza kinaanzia kwenye lile swali la mzee. Anayebadilisha gari huwa na lengo lake: kuongeza nguvu, kuinua gari, kuweka matairi makubwa, kubadili rejeta. Anashughulika na lengo hilo. Giaboksi haishirikishwi. Miezi ikipita inaanza kulalamika, na kwa kuwa ndiyo inayolalamika, ndiyo inayoshushwa.

Chukua themostati, vali inayoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Hapa kwetu ni jambo la kawaida fundi kuing'oa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto, gari litachemsha. Mwenye gari anaondoka ameridhika. Baadaye anarudi na malalamiko ambayo hayahusiani kabisa na maji ya injini: gari likiwa barabara kuu halichukui gia ya nne, linanguruma na kula mafuta. Kwenye Toyota nyingi za aina hii kompyuta huizuia gia ya nne, ile ya ovadraivu, pamoja na kule kufunga konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), mpaka maji ya injini yafike takriban nyuzi 60. Bila themostati, asubuhi ya baridi Njombe au Makambako, gari likienda kwa upepo mzuri, maji yanaweza kukaa chini ya hapo kwa muda mrefu. Giaboksi inatii amri. Nimewahi kumwona mtu akipatana bei ya giaboksi nyingine kwa tatizo ambalo dawa yake ni themostati.

Matairi nayo. Prado lililotoka kiwandani na matairi ya 265/65R17 likifungwa 285/70R17, kipenyo cha tairi kinakua kutoka milimita 776 hadi 831, yaani asilimia 7. Kwa macho ni kidogo. Kwa giaboksi ni sawa na kuambiwa ianze safari kwa gia ndefu zaidi kila siku, huku ikibeba uzito wa bampa la chuma, tangi la ziada na hema juu ya paa. Gari linachelewa kuondoka, dereva anaongeza mguu, konveta inateleza zaidi, mafuta yanapata joto. Hapo hakuna kilichoharibika bado, ila umri wa giaboksi umeanza kupungua.

Joto ndilo linaloua giaboksi kuliko kitu kingine chochote. Mafundi wana kipimo chao cha kukadiria: ukishavuka nyuzi 80 hivi za joto la mafuta, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Kutoka Mahenge kupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, nyuma ya malori, kwa mwendo mdogo na konveta haijafunga, ndipo unapoiona hesabu hiyo ikifanya kazi. Mafuta ya moto hutoka kwenye giaboksi kwa bomba, yakapita ndani ya tangi la chini la rejeta ili yapoozwe, yakarudi. Aliyebadilisha gari mara nyingi ameligusa eneo hili bila kufikiria. Ameweka kipoza hewa cha turbo mbele ya rejeta, upepo haupiti vizuri. Au amefunga rejeta ya gari la gia za mkono, ambayo haina sehemu ya kupoza mafuta ya giaboksi, kisha akaunganisha bomba la kutoka na la kurudi kwa kipande cha mpira. Kwa nje kazi inaonekana safi. Mafuta yanazunguka bila kupozwa hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kompyuta, kabla ya jeki, chomoa kijiti cha kupimia. Gari liwe limetembea na kupata moto, liwe sehemu tambarare, injini inanguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi P, ndipo uchomoe, ufute, urudishe, uchomoe tena. Usomee alama ya moto. Watu wengi hupima injini ikiwa imezimwa kama wanavyopima oili ya injini, wakaongeza mafuta yasiyohitajika, yakatoa povu, na povu halibani pleti.

Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Mafuta mazima hutawanyika yakiwa mekundu. Yaliyozeeka huwa ya kahawia. Yakiwa meusi, yenye chenga katikati na harufu ya mkate ulioungua, pleti zimeshaanza kuisha. Yakiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, usiwashe tena gari hilo: rejeta imetoboka ndani, maji na mafuta vimekutana, na maji hulainisha gundi inayoshikilia pleti.

Na uulize ni mafuta gani yaliyomo. Giaboksi za Toyota za miaka ya 1990 nyingine hutumia Dexron, nyingine Type T-IV. Zilizofuata, kama zile za gia 6 za Mark X iliyotoka mwishoni mwa 2004, hutumia WS, na nyingi hazina kijiti kabisa. Kwenye gari lililobadilishwa mfuniko wa boneti unasema jambo moja na giaboksi iliyofungwa inataka jingine. Nimekuta gari lenye mchanganyiko wa aina tatu, kila fundi akiwa ameongeza ya kwake.

Mzee wa Gerezani alipomaliza na kebo hakuishia hapo, japo mimi nilishataka kuondoka. Alichukua kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Magari haya yana kiboksi cheusi chini ya boneti, chenye mfuniko na matundu yenye majina. Aliunganisha TE1 na E1, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaniambia nitazame taa ya O/D OFF kwenye dashibodi na nihesabu. Kitufe cha ovadraivu lazima kiwe kimewashwa, yaani taa isiwe inawaka yenyewe. Taa ikamweka mara sita, ikatulia, ikamweka mara mbili. Kisha ikarudia.

"Sitini na mbili," nilisema.

"Solenoidi namba moja," akajibu bila kutazama kitabu.

Namba hizi hazibadiliki kwa magari ya familia hii: 42 ni sensa ya mwendo namba moja, 61 ni ya namba mbili iliyoko kwenye giaboksi yenyewe, 62 na 63 ni solenoidi mbili, yaani vali za umeme, za kubadilisha gia, 64 ni ile ya kufunga konveta. Kama hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, taa humweka harakaharaka bila kutulia. Kazi nzima inachukua dakika tano na waya wa bure. Mafundi wawili waliotangulia hawakuifanya, na mmoja wao alikuwa na mashine ya kupimia iliyokaa kwenye kabati.

Lakini namba ya solenoidi haimaanishi solenoidi imekufa. Hapa ndipo gari lililobadilishwa linapomtofautisha fundi anayesoma namba na fundi anayechunguza. Namba inasema kwamba kompyuta haioni umeme ukipita sawasawa kwenye njia hiyo. Njia ina kompyuta, waya, viunganishi, solenoidi, na waya wa ethi. Mzee alichomoa kiunganishi cha giaboksi, akapima kwa mita: omu 13. Solenoidi za kubadilisha gia huwa kati ya omu 11 na 15, hivyo ilikuwa nzima. Akaufuata waya kwenda juu. Mahali ambapo nyaya za injini mpya zilikuwa zimeungwa na nyaya za gari, kwa kusokotwa na kufungwa kwa gundi ya plastiki, akakuta kiungo kimoja kimeota kutu ya kijani. Joto la injini na unyevu wa mji wa pwani vilikuwa vimekula shaba taratibu. Alikata, akalehemu, akafunika. Nilizokuwa nazo, basi, ni hitilafu mbili, moja ya kebo na moja ya waya, na hakuna hata moja iliyokuwa ndani ya zile giaboksi nilizozinunua.

Katika Toyota nyingi za enzi hizo kompyuta ya injini na kompyuta ya giaboksi ni boksi moja. Anayeitoa na kufunga kompyuta ya kutengenezewa nguvu anaweza kuiacha giaboksi bila akili: haijui kiasi cha mafuta kilichokanyagwa, wala injini haipunguzi moto kwa ile nukta ya sekunde ambayo gia inabadilishwa, jambo ambalo kompyuta ya kiwandani hulifanya kimyakimya ili pleti zisiumie. Wapo wanaoliona tatizo hili mapema na kufunga boksi la pili la giaboksi peke yake. Nawaheshimu sana. Wengi hawafungi.

Kuna kipimo kimoja ninachotamani kila mwenye gari la aina hii akijue, kwa sababu kinatenganisha umeme na chuma bila kufungua nati hata moja. Chomoa kiunganishi cha solenoidi za giaboksi, kisha endesha gari taratibu mahali salama. Bila umeme, giaboksi ya A340E inabaki na njia zake za mafuta tu: mkono wa gia ukiwa L inatakiwa iwe gia ya kwanza, ukiwa 2 iwe ya tatu, ukiwa D iwe ya nne. Ikizitoa zote tatu na kuzishika bila kuteleza, chuma kiko hai. Tafuta ugonjwa kwenye nyaya, sensa au kompyuta. Ikishindwa, hapo sasa una sababu ya kuangalia ndani. Ukimaliza, rudisha kiunganishi na ufute kumbukumbu ya hitilafu, kwa kuwa kompyuta itakuwa imeandika namba mpya kutokana na kuchomoa kwako.

Kingine ni saa. Gari likiwa na moto, breki ya mkono juu na mguu kwenye breki, hamisha kutoka N kwenda D na uhesabu mpaka usikie gari limeshika. Kitabu cha Toyota kinataka isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R, isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukiacha dakika moja kati ya jaribio na jaribio, uchukue wastani. Gari likichelewa pande zote mbili, shuku mgandamizo: kebo, filta iliyoziba, pampu. Likichelewa upande mmoja tu, shuku pleti za upande huo.

Kipimo cha kukanyaga mafuta yote huku breki imeshikiliwa ndicho kinachopendwa zaidi na vijana, na ndicho kinachoharibu zaidi. Matairi yote manne yawekewe vizuizi, asisimame mtu mbele wala nyuma, mafuta ya giaboksi yawe kati ya nyuzi 50 na 80, na usizidishe sekunde 5. Tena kwa gari lililobadilishwa kipimo hiki kina mtego. Kitabu kinakupa mizunguko ambayo injini ya kiwandani hufikia. Injini yenye nguvu zaidi huisukuma konveta ileile mbali zaidi, kwa hiyo mizunguko itapanda hata kama giaboksi ni nzima kabisa. Fundi anayelinganisha na kitabu atasema inateleza. Linganisha D na R za gari lenyewe. Zikikaribiana, pleti za mbele na za nyuma zinashika sawa, na kinachobaki ni swali la mgandamizo. Ikiwa D inapanda kuliko R, tatizo liko kwa klachi ya kwenda mbele au zile bearing za kuzunguka upande mmoja.

Mtetemeko nao hueleweka vibaya sana. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu mwepesi, linatetemeka kama linapita juu ya rasta za barabarani. Wengine hubadilisha plagi na koili, wengine hukimbilia giaboksi. Jaribu hili: ukiwa kwenye mtetemeko, shikilia mguu wa mafuta palepale na uguse pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, kiasi tu cha kuwasha taa za nyuma. Kompyuta ikiona breki huifungua konveta mara moja. Mtetemeko ukikoma, ni konveta au mafuta yake. Ukiendelea, rudi kwenye moto wa injini au propela shafti, hasa kama gari limeinuliwa na pembe ya shafti imebadilika.

Nairobi hali ni hiyohiyo kwa jina la Subaru. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, utakuta Legacy na Forester za giaboksi ya gia 4 zilizopewa hukumu kwa kosa la matairi. Gari likikata kona kali kwenye maegesho linajikaza, kama mtu amelishikilia breki. Mwenyewe amenunua matairi mawili mapya ya mbele na kuacha ya nyuma yaliyokwisha, au amefunga rimu za ukubwa tofauti ili lionekane limeinama mbele. Subaru hutaka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi, kwa sababu pleti zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma zitakuwa zinapigana na tofauti hiyo kilomita baada ya kilomita. Kwenye magari hayo ya zamani kuna kishikio kitupu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Weka fyuzi humo, kata kona tena. Likiachia, mfumo wa umeme na vali vinaitika. Anza na matairi. Lisipoachia, solenoidi yake au pleti zenyewe zimekwama. Fyuzi ni ya kupimia. Kuiacha humo na kuliuza gari ni kumwibia mnunuzi.

Sitaki nieleweke kwamba giaboksi hazifi. Zinakufa. Ukifungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ule urojo wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku ni gia au bearing. Chembe za rangi ya dhahabu zisizonaswa ni bushi za shaba nyeusi. Chenga nyeusi za kutosha kujaza kijiko ni pleti, na hapo hakuna mafuta mapya yatakayorudisha kitu. Giaboksi yangu ya pili ilikuwa imefika huko. Kukaza kebo hakukuponya pleti zilizokwisha kuungua; ilibidi ishushwe, ikafungwa seti mpya ya pleti na sili. Tofauti ni kwamba safari hii ilirudishwa kwenye gari ambalo chanzo cha ugonjwa kilikuwa kimeondolewa.

Familia ya giaboksi za A340 ilistahili heshima zaidi. Aisin-Warner, iliyoanzishwa Japani mwaka 1969 kwa ubia wa Aisin Seiki na BorgWarner ya Marekani, na baadaye ikaitwa Aisin AW, iliitengeneza kwa ustadi uliofanya itumike kwenye Hilux Surf, kwenye Supra ya turbo ya miaka ya 1990, na hata kwenye Jeep Cherokee kwa jina la AW4. Chuma chenye historia hiyo kisihukumiwe kwa kusikilizwa mlio dakika mbili getini.

Ndiyo maana nawaomba wenye magari yaliyobadilishwa, na hasa mnaoyanunua kutoka kwa aliyeyabadilisha, muwe na daftari la kila kilichobadilishwa. Fundi hawezi kuuliza asichokijua, na gari likishapita mikononi mwa watu watatu hakuna anayekumbuka rejeta ilitoka wapi. Fundi akikwambia giaboksi imekufa, muulize ameona namba gani kwenye taa, mafuta yana rangi gani, na kebo imesimama wapi. Akikosa majibu hayo matatu, chukua ufunguo wako.

Daftari langu liko kwenye droo ya dashibodi. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mzee mwenyewe kwa kalamu ya risasi: injini 1JZ-GTE, si yake, themostati ipo, mafuta T-IV, kipoza mafuta cha nje kimefungwa, nyaya za giaboksi zimelehemiwa, kebo, mguu ukiwa chini kabisa, milimita 1.